Anisia na Mtungi wa Lita Kumi

"Ignasi ni mtu wa lita kumi na tano. Nilimwandika kwa mkono wangu, kwa chaki, herufi kubwa. Sasa nieleze, Imelda, ule wa kumi ulipandaje mgongoni kwake?"

Anisia aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya ua wa Imelda, hapa Musinzira, mtaa wetu wa Gitega, Jumatatu asubuhi, viatu vyake bado vina mchanga wa ziwani. Imelda alikuwa anaanika sare za watoto. Hakugeuka.

"Anisia, watu wanasikia."

"Wasikie. Jumamosi walisikia uongo, leo wasikie swali."

"Mimi nilisoma tu majina. Mtu wa mitungi ni wewe."

"Ulisoma majina yapi? Niliyoandika mimi, au uliyoandika wewe baada ya kufuta yangu?"

Imelda alibana shati kwa pini, akabana na la pili, akachagua la tatu kwa uangalifu kama mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Hakufa mtu," akasema. "Tuyaache."

Ukuta wangu na wa Imelda ni mmoja, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Maneno yaliingia yenyewe. Na kwa kuwa baadaye mji mzima wa Gitega ulijifanya unajua kilichotokea, kila mtu na toleo lake, nimeona niandike habari za Anisia jinsi zilivyokuwa, kuanzia mwanzo.

Anisia alizaliwa Bukirasazi. Mwaka tisini na tatu, akiwa na miaka tisa, alivuka mpaka na mama yake wakaishia kwenye kambi ya wakimbizi huko Kasulu, Tanzania. Na Imelda walikutana hukohuko. Walilala chini ya turubai moja, wakachota maji kwenye bomba moja, na mwaka ule wa kipindupindu walizika mama zao wiki moja. Ukiwauliza watu wa kambi, watakwambia hao hawakuwa marafiki, walikuwa mtu mmoja mwenye midomo miwili. Tofauti yao ilikuwa shule tu. Imelda aliendelea mpaka sekondari na Kifaransa akakishika vizuri. Anisia aliishia la saba, halafu akapata kibali cha kwenda Kigoma kufua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni, kando ya ziwa.

Wageni wa nyumba ile walikuja kuzamia. Si kutafuta kitu, la. Walizamia kwa starehe, kutazama samaki wadogo wa rangi kwenye mawe, kisha wakatoka na kunywa soda. Kila mmoja alishuka na mtungi wa hewa mgongoni. Chumba cha mitungi kilikuwa juu ya mwamba, na aliyekisimamia aliitwa Kastori, Mrundi wa wakimbizi wa mwaka sabini na mbili, mtu wa matusi na mwenye kikohozi. Siku moja alimwona Anisia akibeba mashuka mabichi ya vyumba sita kwa mkupuo, akamwambia, "Wewe acha kufua. Njoo ubebe vitu vyenye maana."

Kastori ndiye aliyemfundisha kumchagulia mtu mtungi. Kutoka ufukweni mpaka chumbani kwake kulikuwa na ngazi arobaini na mbili, na mgeni alipaswa kuzipanda mwenyewe. Kastori aliketi juu, haonyeshi dalili ya kumtazama. Mgeni akifika, anaulizwa jina na anatoka wapi. Akivitaja vyote kwa pumzi moja, huyo ni wa lita kumi. Akitaja jina, akameza hewa, ndipo akataja mji, ni wa kumi na mbili. Yule anayeshika mwimo wa mlango kwanza, jina baadaye, ni wa kumi na tano, na usibishane naye.

"Mtungi mkubwa si zawadi," Kastori alikuwa akimwambia. "Ni mzigo. Mpe mtu mdogo mtungi mkubwa, utamgonga kisogo kila akiinua kichwa na kumvuta chini kama gunia. Mpe mtu wa mapafu makubwa mtungi mdogo, ataumaliza wenzake hawajaona hata samaki. Na ukumbuke, kadiri anavyoshuka ndivyo anavyokula hewa. Kwenye mita kumi anakula mara mbili ya anavyokula hapa juu."

Jambo la mwisho lilihusu watu wawili wanaoshuka pamoja: safari yao hupimwa kwa yule anayemaliza haraka. Sindano ya geji, ile saa inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini, ya mmoja ikifika hamsini, wote wawili wawe wameshafika juu.

Alikaa na Kastori miaka sita. Mwaka elfu mbili na nane, watu wengi walipokuwa wanarudi, na yeye akarudi. Bukirasazi akakuta shamba la baba limegawanywa na wajomba mpaka limebaki mistari ya mihogo unayoweza kuiruka. Akailima. Imelda yeye alipata kazi Gitega, ukarani kwenye ofisi ya mradi wa barabara, na mkataba wa kuandikwa upya kila mwaka.

Sasa, mfanyakazi mmoja wa kigeni wa mradi ule alimaliza muda wake akaacha kompresa ya kujazia mitungi, maana kuisafirisha kungemgharimu kuliko kuinunua. Shefu wa ofisi, Bwana Damiano, akaipenda. Akataka wafanyakazi wawe na chama cha kuzamia, wawe wanateremka ziwani mwisho wa mwezi kupumzisha akili. Imelda akasema, "Shefu, mimi namjua mtu." Tusimnyime haki yake hapo. Alimtoa Anisia kwenye mihogo, akampa kitanda nyumbani kwake, wakalala tena chini ya paa moja kama zamani.

Mitungi ilitoka Tanzania, kupitia mpaka wa Kobero. Aliyeileta ni Mzee Uthmani wa Muyinga, fundi wa kuunga vyuma ambaye pia hupima mitungi. Anisia alikwenda mwenyewe Muyinga kuchagua. Uthmani aliingiza balbu ndogo kwenye waya ndani ya kila mtungi kutafuta kutu, halafu akaugonga kwa mpini wa jembe. Mzima ulilia kama kengele. Mbovu ulilia mkavu. Alipomaliza, Anisia akarudia yote nane, akaurudisha mmoja.

"Huu umekufa kwenye shingo. Tazama uzi wa valvu."

Uthmani akavaa miwani, akatazama, akamwita mke wake. "Latifa, njoo uone. Mi iko na miaka makumi tatu kwa hii kazi, mtoto wa Gitega ananikosoa mbele ya duka yangu."

"Na iko na haki?" Latifa akauliza.

"Iko na haki."

"Basi uupokee na ukae kimya."

Wakarudi Gitega na mitungi saba: miwili ya kumi na tano, miwili ya kumi na mbili, mitatu ya kumi. Miezi mitatu watu wa ofisi walijifunza kwenye bwawa la hoteli, kwa zamu, wote kwa ile miwili ya kumi na mbili, kwa sababu bwawani hakuna kina cha kumdai mtu hewa. Kazi yenyewe ya kuchagua Anisia aliifanya kwenye kilima chetu. Aliwashusha wote mpaka kwenye chemchemi bondeni, akawaambia wapande. Yeye alingoja juu, karibu na geti langu, akiwauliza majina yao kana kwamba hawajui. Wafanyakazi walinung'unika kwamba wanafanywa jeshi.

Bwana Damiano alikuwa mfupi, mwembamba, alikulia kwenye kwaya ya seminari. Alifika juu akiwa anaendelea na hadithi aliyoianzia bondeni. Lita kumi, bila swali. Ignasi, dereva wake, ni mlango wa mtu. Kutwa nzima yuko kwenye kiti, chakula anakipenda, na pumzi yake unaisikia kabla hujamwona. Alifika akashika geti langu kwa mikono miwili.

"Jina?" Anisia akauliza.

Ignasi aliinua kidole kimoja, maana yake ngoja.

"Basi usijibu," Anisia akasema. "Nimeshalisikia." Watu wakacheka, na Ignasi mwenyewe akacheka alipopata nafasi. Siku ile hakukuwa na chuki kati yao hata ya kijiko.

Safari ya kwanza ya ziwani ilikuwa Julai, mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Asubuhi ile, watu wakinywa chai kwenye mchanga, Anisia aliisimamisha mitungi kwa safu na kuandika kila jina kwa chaki. Kisha akaondoka na mtumbwi wa kwanza, pamoja na Klara wa mapokezi na mwenzake, kwenda kufunga kamba ya kushukia. Waliobaki wangefuata na mtumbwi wa pili. Mitungi aliiacha mikononi mwa Imelda.

Imelda akaitazama ile safu. Shefu ana kichupa. Dereva ana mtungi kama nguzo ya nyumba.

Hapa kwetu jambo hilo haliangaliki. Kwenye harusi, chungu kikubwa cha pombe huwekwa mbele ya wakwe. Kwenye baa, shefu akiletewa chupa ndogo na dereva wake kubwa, mhudumu ataulizwa anatafuta nini duniani. Imelda aliona aibu iliyokuwa inamngoja, na mkataba wake ulikuwa unaandikwa upya mwezi wa nane. Akatoa kitambaa, akafuta majina mawili, akayabadilisha.

Anisia alikuwa chini ya maji, mita kumi na nne, ameshika kamba, akiwangoja wanaoshuka. Aliinua macho akaona mgongo mpana ukija na kitu kidogo juu yake, kama mtu mzima aliyebebeshwa mtoto. Alipokisogelea akashika geji ya Ignasi. Kushuka tu, sindano ilikuwa imeshatoka mia mbili mpaka mia na arobaini. Akamwonyesha kidole gumba: juu.

Ignasi akamtazama shefu wake. Bwana Damiano alikuwa anapigana na mtungi wa kumi na tano uliokuwa unamlaza upande, lakini kwa kuwa shefu hakubali kushindwa, akaonyesha mkono: tuendelee. Na dereva hawezi kupanda kabla ya bosi wake. Anisia alimwonyesha gumba mara tatu. Mara tatu Ignasi akamtazama shefu kwanza.

Basi Anisia hakumwacha. Alifuatana naye bega kwa bega, akitazama ile sindano, mia, themanini, na Ignasi alivyozidi kuhema kwa hofu ndivyo ilivyozidi kushuka. Ilipofika sitini hakuomba tena ruhusa. Alimshika mshipi akapanda naye. Kwenye mita tano, pale wanaposimama dakika tatu mwili utulie, hewa ya Ignasi ikaisha kabisa. Anisia akamtia kinywani mdomo wa akiba wa mtungi wake mwenyewe, akamshika mashavu kwa mikono miwili mpaka akapumua. Zile dakika tatu walizimaliza wawili kwa mtungi mmoja.

Ufukweni Ignasi alitapika, akakaa kwenye mchanga. Bwana Damiano alitoka baadaye anachechemea, kisogo kimevimba, mgongo umemshika.

"Nani alichagua hii mitungi?" akauliza. "Mi nataka jina."

Chaki ilikuwa imeoshwa na maji. Watu wote wakamtazama Imelda, kwa kuwa ndiye aliyegawa.

"Anisia ndiye mtu wa mitungi," Imelda akasema. "Mi nilisoma alivyoandika."

Anisia alikuwa anakunja kamba, hatua kumi kutoka pale. Alimtazama Imelda na hakusema neno. Baadaye aliniambia kwa nini: alidhani Imelda amebanwa tu na hofu, atalisahihisha njiani, mtu hawezi kufanya jambo kama lile akalimaliza. Njia ya kurudi Gitega ni ndefu. Alingoja njia nzima. Alingoja na Jumapili yote, wakala meza moja, Imelda akamsogezea hata chumvi. Jumatatu ndipo alipoingia uani na lile swali.

Jinsi Imelda alivyojibu umeshasoma mwanzo. Jibu la mwisho, kabla ya kuchukua ndoo tupu na kuingia ndani, lilikuwa hili: "Wewe una mihogo yako. Mimi nina watoto watatu shuleni."

Yaani alikuwa ameshapiga hesabu nani kati yao anaweza kubeba.

Ofisi ikamkataza Anisia kugusa mtungi. Kompresa ikafungiwa chumbani. Lakini si hilo lililomuumiza. Kilichomuumiza ni maneno ya Ignasi, aliyekuwa akiyasema kila kituo cha mafuta: yule mwanamke aliyetoka Tanzania alinipa hewa kidogo kwa sababu mimi ni dereva tu, pumzi akazijaza kwa wakubwa. Mtu aliyemshika mashavu chini ya maji. Na kwetu mtu akikuokoa, unakwenda kwake, unakaa, unashukuru. Ignasi hakuja.

"Kuniita mjinga ningevumilia," Anisia aliniambia akifunga mzigo wake. "Ananiita mtu anayepima watu kwa cheo. Kitu kile kimoja ambacho Kastori angenipigia kofi."

Nikamwambia aende akamweleze ukweli.

"Nikijisemea mwenyewe ni neno langu dhidi ya la mtu mwenye Kifaransa. Aseme Imelda. Kwa mdomo uleule."

Mihogo hakuirudia. Alikwenda Muyinga kwa Mzee Uthmani, ambaye hakumuuliza kitu. Alimpa mpini wa jembe na ile balbu, akamwonyesha safu ya mitungi ya oksijeni ya mafundi. Latifa alimpa chumba cha uani, na alipoona mwezi umepita mgeni wake hacheki, akamwambia, "We sha, kama unalia, lia mara moja umalize. Hapa tunaanza kazi saa moja."

Miezi kumi ikapita. Mafundi wa njia ya Kobero wakaanza kusema mtungi usiogongwa na yule dada wa Gitega hawauchukui.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, mchana wa soko, gari la mradi lilikatika bomba la moshi likiwa Muyinga. Duka la Uthmani liko juu kidogo ya barabara. Ignasi akapanda na bomba begani. Alipofika akaliangusha, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na hapo ndipo akamwona aliyekuwa ameketi ndani.

"We?" akasema. Akahema. "We iko hapa."

"Niko. Keti kwenye benchi."

"Mi sikai na wewe. We ulitaka kuniua."

Anisia hakuinuka. Alichukua saa ya Uthmani iliyokuwa mezani, akamwambia Latifa amhesabie yule mwanamume pumzi dakika moja. Latifa, ambaye hakuna anachokipenda kama kumhesabia mwanamume makosa, akavuta kigoda akaketi mbele yake.

"Ishirini na sita," Latifa akasema. "Na haikimbii mtu. Imepanda tu hapo. Weye kaka, unakula nini?"

"Mimi nilikusikia pumzi zako kwenye geti kule Musinzira," Anisia akamwambia Ignasi. "Nilikusikia ukiwa bado bondeni. Mtu wa pumzi hizi nimpe lita kumi? Ningekuwa nakuchukia, ningekuibia sahani. Nisingekupa lita kumi halafu nikae chini kukungoja na mtungi wangu."

Ignasi akakaa kwenye benchi. Uthmani alikuwa ameshaanza kulichoma bomba, cheche zinaruka.

"Ulinionyesha kidole," Ignasi akasema mwishowe. "Tulikuwa chini. Ulinionyesha kupanda, mara nyingi."

"Mara tatu."

"Mi nilimwangalia shefu."

"Ulimwangalia shefu."

"Alors, nani aliandika ile kumi?"

"Mimi sisemi."

"Kwa nini hausemi?"

"Kwa sababu yupo anayejua, na ana mdomo. Jina langu alilichukua yeye. Alirudishe yeye."

Ignasi aliinuka bomba likiwa bado la moto, akalibeba na kitambaa. Sikuwepo, haya nimesimuliwa na Latifa, lakini kilichofuata nilikiona mwenyewe: Alhamisi yake, saa sita mchana, wakati wa chakula, gari la mradi likasimama getini kwa Imelda na Ignasi akaingia uani bila kubisha. Hakupaza sauti. Alimuuliza kitu kimoja tu, mbele ya watoto wake na mbele yangu mimi niliyekuwa nimeshafika ukutani.

"Madamu Imelda, mi nilikunywa hewa ya nani siku ile?"

Imelda akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasema.

Ijumaa alisema tena ofisini, mbele ya Bwana Damiano na wote. Ignasi alisimama mlangoni mpaka akamaliza. Mkataba wa Imelda haukuandikwa upya mwaka ule. Watu walisema ni kwa ajili hiyo, wengine walisema mradi uliishiwa. Sijui.

Kwetu kosa la namna hii lina pombe yake, inaitwa iciru. Aliyekosa huileta mwenyewe, hutamka kosa lake mbele ya mashahidi, na aliyekosewa akinywa wa kwanza, neno limekwisha. Hakuna ruhusa ya kulifufua. Mwezi wa tisa Imelda akaenda Muyinga na Ignasi, na mimi nikapewa nafasi nyuma kama shahidi wa ukuta. Alibeba jerikani ya urwarwa, ile pombe ya ndizi.

Mzee Uthmani alitupokea vizuri, akatutolea viti, akaitazama jerikani.

"Bon. Hiyo haiingii kwangu," akasema. "Lakini barabara si yangu. Muende pale ng'ambo, chini ya bati ya kinyozi. Mi nitasikiliza kutoka huku."

Tukavuka. Kinyozi akatupisha, akabaki na mkasi mkononi ili asikose kitu.

Imelda alianza na turubai la Kasulu. Alianza na mama zao na ile wiki. Anisia akamsikiliza mpaka alipotua.

"Hayo nayajua, nilikuwepo," akasema. "Sema nisiyokuwepo."

"Nilifuta majina mawili," Imelda akasema. "La shefu na la Ignasi. Niliona aibu shefu kuwa na kidogo. Nikafikiri mtungi ni mtungi, hewa ni hewa."

"Hapo ulikosea kama mtu yeyote. Endelea."

"Halafu nikasema ni wewe."

"Kwa nini?"

Imelda alimtazama Ignasi, akanitazama mimi. Hakuna aliyemsaidia.

"Kwa sababu nilijua hutanikana. Nilijua utanyamaza kidogo, unisubiri. Nikautumia ule muda."

Kinyozi aliacha kuchezea mkasi. Anisia alifumba macho, akayafumbua. Nadhani alikuwa amejiandaa kusikia habari ya watoto na ada, hili hakulitegemea. Alitafuta mahali pa kuuweka mkono wake, akauweka gotini.

"Umelisema vizuri," akasema. "Sikudhani utalisema vizuri hivyo."

Ignasi akakohoa. Yeye naye alikuwa na lake. Alisimama, kofia mkononi, akamshukuru Anisia kwa ile hewa, kwa Kirundi, kwa maneno marefu ya adabu, na akamfikishia neno la Bwana Damiano: kompresa imefunguliwa, funguo zinamngoja, achague yeye na asiguse mwingine.

"Nitakuja mwisho wa mwezi," Anisia akasema. "Mwambie shefu ni lita kumi, apende asipende. Nikimaliza narudi huku. Kazi yangu iko hapa."

"Na kwa Imelda, hutalala?" nikamuuliza.

"Nitalala kwako."

Imelda akafungua jerikani, akamimina kwenye kibuyu kidogo, akampa kwa mikono miwili. Anisia aliinama kuitazama ile jerikani kabla hajapokea.

"Hii ni ya lita ngapi?" Ignasi akauliza kabla yake. "Iciru ni lita kumi. Hii iko tano."

"Sina kazi tangu mwezi uliopita," Imelda akasema, chini chini. "Tano nyingine nitaleta baada ya mavuno."

Anisia akapokea kibuyu. Akanywa, wa kwanza, mpaka nusu, akampitishia Ignasi.

"Zile tano nimemsamehe," akasema. "Asizilete."